Sauti Nyembamba Nyuma ya Mkwaruzo

Tarehe 15 Mei, 1933, wasikilizaji wa redio nchini Marekani walisikilizishwa kitu ambacho hakikuwa muziki, wala hotuba, wala tangazo la sabuni. Shirika la utangazaji la NBC liliunganisha waya kutoka Holmdel, katika jimbo la New Jersey, hadi mitamboni kwake New York, kisha likarusha hewani mkwaruzo. Ilikuwa ni "shhhh" ndefu, mithili ya mvuke unaovuja kwenye bomba. Msikilizaji aliyefungua redio akiwa amechelewa bila shaka alidhani redio yake imeharibika. Lakini waliosikia utangulizi walikwisha kuambiwa kwamba mkwaruzo ule ulitoka nje ya dunia hii, katikati ya kundi kubwa la nyota ambamo hata jua letu limo.

Mimi ni mtangazaji. Kwa zaidi ya miaka 20 mkwaruzo umekuwa adui yangu wa kwanza kazini, akifuatiwa na mgeni anayefika studio kwa kuchelewa. Msikilizaji akisikia "shhhh" hupiga simu kulalamika, fundi mitambo hukuna kichwa, na mkubwa wa kazi huuliza nani alikuwa zamu. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za watu wanaousikiliza mkwaruzo kwa makusudi, na ambao kwa zaidi ya miaka 70 wamekuwa wakijifunza kuuondoa bila kuondoa kilichojificha nyuma yake, niliona hiyo ndiyo hadithi ya kuwaletea juma hili. Wapo waliopata walichokuwa wakikitafuta. Wapo pia waliodhani wamekipata, na hao ndio walionivutia zaidi.

Tuanze na huyo wa Holmdel. Jina lake lilikuwa Karl Jansky, mhandisi kijana wa maabara za kampuni ya simu ya Bell. Zama hizo simu za kuvuka bahari ya Atlantiki, kati ya New York na London, zilipitia katika mawimbi ya redio, na kampuni ilitaka kujua ni kitu gani kinachoyachafua mazungumzo. Jansky akapewa kazi ya kutafuta mkwaruzo unatoka wapi. Akajenga antena yenye urefu wa karibu meta 30, akaiweka juu ya magurudumu ya motokaa ya Ford, ikawa inazunguka duara zima kila baada ya dakika 20. Wenzake waliitania kwamba ni bembea ya watoto. Alisikiliza kwenye megahezi 20.5, yaani masafa mafupi, yale yale ambayo wazee wetu waliyatumia kupata habari za ng'ambo.

Jansky aliugawa mkwaruzo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa radi za karibu. La pili lilikuwa radi za mbali. La tatu lilikuwa ni ule mvumo usiokatika, na huo ulimsumbua kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwanza alidhani unatoka kwenye jua, maana ulikuwa ukienda sambamba na jua. Lakini siku zilivyopita ukaanza kulitangulia. Alipopima vizuri akakuta unarudi mahali pale pale kila baada ya saa 23 na dakika 56. Hizo dakika 4 zinazopungua ndizo zilizofichua siri, kwa sababu jua hurudi kwa saa 24, lakini nyota hurudi mapema kidogo kila siku. Ndiyo maana Kilimia huonekana jioni katika majira fulani tu ya mwaka na katika majira mengine hakionekani. Chanzo cha mkwaruzo kilikuwa upande wa kundi la nyota liitwalo Mshale, kwenye kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda kama moshi ambao mtu wa mjini huuona anapokwenda kijijini kwao, usiku usio na mwezi.

Gazeti la New York Times liliiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza tarehe 5 Mei, na siku 10 baadaye ndipo NBC ikarusha sauti yenyewe. Kampuni ya simu ilikwisha kupata jibu lake, kwamba mkwaruzo huo hauna tiba. Jansky akapewa kazi nyingine. Alifariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 44, kabla dunia haijatambua vizuri alichokifanya. Leo kipimo cha nguvu ya mawimbi yatokayo mbinguni kinaitwa jansky.

Aliyemfuata alikuwa mtu mmoja tu, Grote Reber wa Wheaton, jimbo la Illinois. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga uani dishi la zaidi ya meta 9. Majirani walimshangaa. Alisikiliza usiku, kwa sababu mchana cheche za injini za magari yaliyopita barabarani zilimharibia. Alianza na masafa ya juu sana, megahezi 3300, hakusikia kitu. Akashuka hadi 900, kimya. Aliposhuka hadi megahezi 160 ndipo mkwaruzo wa Njia Nyeupe ukaja waziwazi.

Naomba msomaji uishike hiyo habari ya kushuka, maana tutarudi kwake. Mkwaruzo wa galaksi yetu una tabia moja. Kadiri unavyoshuka katika masafa ndivyo unavyozidi nguvu, na unazidi kwa utaratibu laini, bila kurukaruka, kama mteremko wa barabara iliyochongwa vizuri. Unatokana na elektroni zinazokimbia karibu na mwendo wa mwanga, zikizungushwa na usumaku uliotanda kati ya nyota.

Sasa twende Uholanzi, wakati wa vita. Majeshi ya Ujerumani yameikalia nchi na Chuo Kikuu cha Leiden kimefungwa. Lakini maandishi ya Reber yalikuwa yamefika mikononi mwa mnajimu mkubwa wa huko, Jan Oort. Yeye akajiuliza swali ambalo wengine hawakuwa wamejiuliza: je, katika mkwaruzo huo wote hakuna stesheni hata moja? Yaani hakuna kitu kinachotangaza kwenye masafa maalumu, mahali pamoja pasipobadilika, ili tuweze kukitambua? Kazi ya kulitafuta jibu akampa mwanafunzi, Hendrik van de Hulst. Tarehe 15 Aprili, 1944, kijana huyo akasimama mbele ya wataalamu wachache waliokutana Leiden, akasema ipo moja. Ni haidrojeni.

Haidrojeni ndiyo hewa nyepesi kuliko zote na ndiyo nyingi kuliko zote ulimwenguni. Atomu yake ina protoni moja na elektroni moja, na kila moja ni kama sumaku ndogo sana. Sumaku hizo zikiwa katika mpangilio fulani, iko siku elektroni itageuka, na ikigeuka hutoa wimbi dogo la redio lenye urefu wa sentimeta 21, sawa na megahezi 1420. Atomu moja inaweza kungoja wastani wa miaka milioni 11 hivi kabla ya kugeuka. Hata hivyo atomu ni nyingi mno kiasi kwamba wakati wowote ule zipo zinazogeuka.

Kusema ipo ni jambo moja, kuisikia ni jambo jingine. Waholanzi walipata dishi la rada lililoachwa na Wajerumani, wakaanza kazi huko Kootwijk, lakini mwaka 1950 moto uliteketeza mashine yao ya kupokelea. Huku nyuma, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwanafunzi Harold Ewen na mwalimu wake Edward Purcell walikuwa wameomba dola 500 tu na kujenga antena mfano wa tarumbeta kubwa ya mbao, wakaitoa nje ya dirisha la maabara. Mvua iliponyesha maji yaliingia ndani kupitia humo. Wakati wa baridi wanafunzi waliokuwa wakipita chini waliilenga kwa matonge ya theluji.

Ujanja wao ndio ninaotaka tuutazame. Sauti ya haidrojeni ilikuwa hafifu kuliko mkwaruzo wa mashine yao wenyewe. Badala ya kujaribu kuizima mashine isikwaruze, jambo lisilowezekana, waliifanya irukeruke kwa haraka kati ya masafa mawili yaliyo jirani: moja penye haidrojeni, jingine pembeni yake pasipo na kitu. Mkwaruzo ni ule ule pande zote mbili. Ukitoa huu kwa huu, unabaki na tofauti, na tofauti hiyo ndiyo haidrojeni. Tarehe 25 Machi, 1951, waliipata. Van de Hulst mwenyewe alikuwa Harvard wakati huo kama mgeni, na Wamarekani hawakuwa wachoyo, waliwaeleza Waholanzi njia waliyoitumia. Tarehe 11 Mei Kootwijk nao wakaipata. Australia wakathibitisha. Taarifa zote zikatoka katika toleo moja la jarida la Nature, tarehe 1 Septemba, 1951. Kwa uchoyo wa habari za kwanza tulionao sisi waandishi, mambo kama hayo tunayasoma kama hekaya.

Hiyo ilikuwa haidrojeni ya karibu, ya humu humu katika galaksi yetu. Wanasayansi, kama walivyo, wakaanza kuitamani ya mbali.

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Baada ya Mlipuko Mkuu kulikuwa na joto kali, kisha baada ya miaka 380,000 hivi vitu vikapoa kiasi cha atomu kuweza kuumbika. Mwanga wa wakati huo bado upo, umepoa umekuwa mvumo dhaifu wa redio unaotoka pande zote. Waliougundua ni Arno Penzias na Robert Wilson, mwaka 1964 na 1965, pale pale Holmdel kwa Jansky, wakiwa nao wanahangaika na mkwaruzo usioondoka. Baada ya hapo likaja giza. Hakukuwa na nyota hata moja, ila haidrojeni imetanda kila mahali kama ukungu wa alfajiri huko Lushoto. Kisha mahali fulani nyota ya kwanza ikawaka, na nyingine, na nyingine, hadi mwanga wao ukaupasua ukungu wote. Hakuna picha ya alfajiri hiyo. Shahidi aliyekuwepo kila mahali ni haidrojeni yenyewe.

Na shahidi huyu anatoa ushahidi kwa mpangilio wa ajabu. Ulimwengu unatanuka, na unapotanuka unayavuta mawimbi yaliyomo ndani yake. Wimbi lililotoka na sentimeta 21 linatufikia likiwa limerefuka, na lililotoka zamani zaidi limerefuka zaidi. Kwa hiyo ukisikiliza kwenye megahezi 150 unaisikia haidrojeni ya wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka karibu milioni 600. Ukishuka hadi megahezi 100 umefika kwenye miaka milioni 320 hivi. Kwenye megahezi 78, ni miaka milioni 220. Kusogeza mshale wa redio ni kurudi nyuma katika historia.

Msomaji makini amekwisha kuona tatizo. Megahezi 88 hadi 108 ndiyo FM! Alfajiri ya ulimwengu imeangukia penye bendi ya muziki wa dansi, mahubiri, maoni ya wasikilizaji na salamu za mchana. Mimi mwenyewe, kwa mkate wangu wa kila siku, ni mmoja wa wanaoiziba.

Hata hivyo stesheni zetu si tatizo kubwa, kwa maana unaweza kwenda mahali zisipofika. Kuna wilaya moja magharibi mwa Australia iitwayo Murchison, kubwa kuliko nchi ya Uholanzi nzima, yenye wakazi wapatao 100. Kuna nyika ya Karoo nchini Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 2007 imeilinda anga dhidi ya mitambo ya mawimbi. Tatizo lisilokimbilika ni ule mkwaruzo wa Jansky na Reber. Huo uko juu ya kichwa popote uendapo, na kama nilivyotangulia kusema, unazidi nguvu kadiri unavyoshuka. Wataalamu hupima nguvu ya mawimbi kwa nyuzi za joto za Kelvin. Kwenye megahezi 78 galaksi yetu, hata pale ilipo tulivu, inatoa zaidi ya nyuzi 1000. Haidrojeni ya alfajiri inatarajiwa kuwa na sehemu ya kumi ya nyuzi moja, au mbili. Ni moja kwa elfu kumi, takriban. Chukua gunia la mahindi la kilo 100, mwagia juu yake vijiko viwili vya chai vya chumvi, kisha mwambie mtu aseme kwa mizani tu kama chumvi imo au haimo. Na mizani zetu za sokoni tunazijua.

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika bwawa hili chura ni mkubwa kuliko ng'ombe mara elfu kumi.

Matumaini yalikuwa katika ile tabia ya mteremko. Mwaka 1997 Piero Madau, Avery Meiksin na Martin Rees waliandika kuonyesha jinsi haidrojeni ya zamani ingeweza kuonekana katika mawimbi ya redio, na katika miaka iliyofuata hoja ikajengeka hivi: mkwaruzo wa galaksi ni laini kutoka masafa hadi masafa, lakini haidrojeni haiwezi kuwa laini, kwa sababu kila masafa ni zama nyingine na mahali pengine. Basi chora mteremko laini unaolingana na vipimo vyako, uutoe, na kinachobaki chenye mabonde na vilima ndicho unachokitafuta. Ni ujanja ule ule wa Harvard, umekua.

Ingekuwa rahisi hivyo kama mashine nazo zingekuwa laini. Lakini kila antena ina kasoro zake. Waya mrefu hurudisha mwangwi. Ardhi iliyo chini hurudisha mwangwi. Mwangwi huo hutia viwimbi juu ya mkwaruzo mkubwa, na kiwimbi cha sehemu moja ya elfu kumi kinatosha kufanana na alfajiri ya ulimwengu.

Kuna hatari ya pili, iliyo kinyume cha hiyo, na hii inatuhusu sana sisi wa studio. Wakati mmoja nilimrekodi mvuvi mzee pale Feri, Dar es Salaam, huku injini ya mashua ikinguruma nyuma yetu. Fundi wetu akasema usihofu, naiondoa. Kweli aliiondoa. Lakini mzee yule alikuwa na sauti nzito, na uzito wa sauti yake ulikuwa pale pale ulipokuwa mngurumo wa injini. Kilichotoka kilikuwa safi kabisa, na hakikuwa mzee yule. Asiyemjua asingeshuku lolote.

Jambo la namna hiyo hiyo ndilo lililotokea Karoo. Kundi la watafiti, wengi wao wa Marekani, wakiongozwa na Aaron Parsons wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wametandaza huko antena nyingi ndogo kwa jina la PAPER. Mwaka 2015 walitangaza kwamba wameusafisha mkwaruzo kwa kiwango ambacho hakuna aliyewahi kukifikia. Hawakuwa wameipata haidrojeni, lakini walisema kama ipo basi haiwezi kuzidi nguvu fulani, na kiwango hicho kilikuwa chini mno. Wenye nadharia wakaanza kukitumia kufutia baadhi ya mawazo kuhusu nyota za kwanza.

Njia waliyoitumia ilikuwa ya werevu. Waliiachia takwimu yenyewe iseme wapi mkwaruzo ni mkali, kisha hapo wakapunguza uzito. Lakini takwimu haikuwa nyingi, na ndani yake, kama haidrojeni ilikuwepo, ilikuwa imechanganyika. Chombo kilichopewa kazi ya kuusahau mkwaruzo kikajifunza kuisahau na haidrojeni. Watu wa mradi huo huo, Carina Cheng akiwa mbele, ndio waliokaa wakakagua upya. Unaweza kujua kwa kujaribu: tia ndani ya takwimu ishara ya bandia unayoijua ukubwa wake, safisha, kisha tazama imebaki kiasi gani. Iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko walivyofikiri. Mwaka 2018 kiwango cha mwaka 2015 kikaondolewa hadharani na waandishi wenyewe.

Hawakuwa wa kwanza. Nchini India, darubini kubwa ya GMRT karibu na Pune ilitoa kiwango chake mwaka 2011, nyuzi 0.07. Mwaka 2013 kundi lile lile likarekebisha, baada ya kuhesabu haidrojeni iliyofuliwa pamoja na uchafu. Kiwango kikapanda hadi karibu nyuzi 0.25. Nimewahi kuombwa na wakubwa nisome masahihisho hewani kwa sauti ya haraka, mwisho kabisa wa taarifa ya habari, wakati watu wamekwisha kunyanyuka. Hawa waliyaandika katika jarida lile lile walikoandika fahari yao.

Mwezi mmoja wa mwaka huo huo wa 2018 ulileta kishindo kikubwa zaidi. Huko Murchison kulikuwa na antena moja tu, ya chuma, mfano wa meza ya kulia chakula, iliyosimama juu ya wavu uliotandazwa chini kiasi cha meta 30 kwa 30. Mradi uliitwa EDGES. Wakuu wake walikuwa Judd Bowman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na mkongwe Alan Rogers wa kituo cha Haystack, mtu aliyezaliwa Salisbury, ambayo leo ni Harare. Antena hii haikutafuta picha. Ilipima anga lote kwa mkupuo mmoja, ikitafuta bonde dogo katika mteremko, yaani pale ambapo mwanga wa nyota za kwanza uliifanya haidrojeni ianze kuumeza ule mvumo wa zamani wa Penzias na Wilson.

Bonde wakaliona, kwenye megahezi 78. Lakini lilikuwa na kina cha nyuzi 0.5, mara mbili ya kina kikubwa kabisa ambacho nadharia iliruhusu. Hawakukimbilia kutangaza. Kwa zaidi ya miaka miwili waliigeuza antena, wakajenga ya pili, wakabadilisha wavu wa chini, bonde likabaki pale pale. Walipochapisha, mwishoni mwa Februari 2018, sayansi ya anga ikapata mtikisiko. Rennan Barkana wa Tel Aviv alieleza katika toleo lile lile la Nature kwamba pengine haidrojeni ilipozwa kwa kugusana na maada ya giza, kitu ambacho kimejaa ulimwenguni na hakuna anayejua ni nini. Kama ni kweli, basi ile meza ya chuma ilikuwa imegusa moja ya siri kubwa za fizikia.

Kabla mwaka haujaisha Richard Hills wa Cambridge na wenzake wakaandika kuuliza. Walisema mteremko uliotolewa, ukiutazama kwa karibu, unahitaji galaksi na tabaka la juu la hewa yetu viwe na tabia visizoweza kuwa nazo. Na kwamba ukiruhusu kiwimbi kidogo cha mashine ndani ya hesabu, unaweza kupata maumbo mengine yanayofaa vile vile. Kwa lugha yetu ya mitamboni walikuwa wakiuliza: hiyo ni sauti ya mgeni, au ni meza ya studio inayoitikia?

Jibu la swali kama hilo halipatikani kwa kubishana. Linapatikana kwa mtu mwingine kujenga chombo kingine, cha namna nyingine, na kusikiliza. Walioifanya kazi hiyo ni Wahindi wa Taasisi ya Raman, Bangalore, na naipenda njia yao kuliko zote nilizozisoma. Walisema kama tatizo ni ardhi, ambayo ina udongo, mawe na unyevu usiojulikana vinavyorudisha mwangwi, basi tuachane na ardhi. Mapema mwaka 2020 waliichukua antena yao iitwayo SARAS 3 na kuieleza juu ya maji, katika maziwa mawili ya jimbo la Karnataka. Maji ni mamoja, hayana tabaka. Antena ikakaa katikati ya ziwa inasikiliza, kama mvuvi aliyezima injini.

Matokeo yalitoka Februari 2022, Saurabh Singh akiwa mwandishi wa kwanza. Bonde la EDGES, kwa umbo lile lililotangazwa, halikuonekana. Walilikataa kwa uhakika wa asilimia 95.3. Bowman na wenzake hawakuufuta utafiti wao, na asilimia 95.3 si 100, kwa hiyo asiyependa kuhukumu mapema ana haki yake. Kwa upande wangu, nikiulizwa nani naamini kati ya meza iliyo nyikani na kifaa kilicho ziwani, ningesema ziwa, kwa sababu Wahindi waliondoa jambo moja lisilojulikana badala ya kulikadiria.

Wengine wanataka kukimbia kabisa. Mwezi una upande usioiona dunia kamwe, na huko kelele zetu hazifiki. Hili si la kubuni, maana mwaka 1973 Marekani ilituma chombo cha Explorer 49 kuuzunguka mwezi, na kila kilipopita nyuma yake mkwaruzo wa dunia ulikatika. Upande wa mbele ni kinyume chake. Mwaka 2013 watafiti wa darubini ya MWA, huko huko Murchison, walieleza jinsi walivyouona mwezi uking'aa katika bendi ya FM, ukiturudishia matangazo yetu wenyewe. Nyika ya watu 100, na bado watangazaji tumewafuata kwa kupitia mwezini.

Pale Karoo, waliobaki na somo la PAPER walijenga HERA. Ni madishi 350, kila moja la meta 14, yametengenezwa kwa nguzo, mabomba ya plastiki na wavu wa waya. Hayageuki, yanatazama juu tu. Safari hii, kabla ya kutangaza chochote, watafiti walitunga anga la bandia lenye haidrojeni ya kiasi wanachokijua, wakalipitisha katika hatua zote za kusafisha, kuona kama linatoka zima. Viwango vya 2022 na 2023 havina haidrojeni ndani yake, ila vinasema jambo: ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama milioni 650 haidrojeni ilikuwa imekwisha kupashwa joto, yaelekea na eksirei za mabaki ya nyota za kwanza. Kutoisikia kumetosha kuwafundisha hilo.

Na mradi mkubwa kuliko yote, SKA, ulianza kujengwa Desemba 2022, Afrika Kusini na Australia, nchi nane nyingine za Afrika zikiwa washirika katika mpango huo barani, na jirani zetu wa Kenya ni mojawapo. Sehemu ya Australia itakuwa na antena 131,072, kila moja na kimo cha meta 2 hivi, mfano wa mti wa Krismasi wa waya. Ya kwanza ilisimikwa Machi 2024. Zitasikiliza kuanzia megahezi 50 hadi 350, na bendi yetu ya FM iko ndani yake.